Kambi na Mwendo: Kiswahili cha Askari na Wachukuzi katika Njia ya Voi hadi Taveta, 1914–1918

1. Utangulizi

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia viliifikia nchi ya Taita na Taveta mapema mno. Tarehe 15 Agosti 1914, kabla hazijatimia wiki mbili tangu Uingereza itangaze vita dhidi ya Ujerumani, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Kapteni Tom von Prince kilivuka mpaka na kuiteka Taveta. Tangu siku hiyo hadi Machi 1916, ukanda wa nyika ulio baina ya Voi na Taveta, wenye urefu wa takriban kilomita 110, ulikuwa nchi ya kambi, mahandaki, doria na mwendo wa miguu.

Habari za vita hivyo zimeandikwa sana, lakini karibu zote zimeandikwa na maafisa wa Kizungu. Francis Brett Young, aliyekuwa daktari katika jeshi la Waingereza, alichapisha kitabu chake Marching on Tanga mwaka 1917. Angus Buchanan, aliyepigana katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1919. Mwaka uliofuata zikatoka kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani. Vitabu hivyo vina thamani yake, na mwanahistoria hawezi kuviacha. Hata hivyo, ndani yake askari Mwafrika huonekana kwa mbali, na mchukuzi huonekana kwa mbali zaidi; aghalabu hutajwa kwa idadi, kama zinavyotajwa gunia za unga.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba watu hao, ambao wengi wao hawakuandika shajara, waliacha ushahidi wa aina nyingine, nao ni msamiati. Maneno waliyoyatumia kambini na njiani, mengine ya kale na mengine waliyoyatohoa kutoka lugha za wakubwa wao, yanatueleza waliishije, waliogopa nini, na waliwaona vipi askari wa upande wa pili. Kiswahili cha kambini kimedharauliwa kwa muda mrefu kama lugha iliyoharibika. Tutajaribu kutoa hoja kwamba, kwa mwanafunzi wa historia, lugha hiyo ni hati, na kwamba hati ikisomwa kwa uangalifu hurekebisha baadhi ya mambo tuliyozoea kuyaamini.

2. Njia kabla ya vita

Yafaa kukumbuka kwamba majeshi hayakuibuni njia hii. Johannes Rebmann alipopita Taita mwaka 1848, na kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei ya mwaka huo, alikuwa akifuata watu walioijua nchi. Misafara ya Mombasa iliyokwenda Uchaga na Umasaini ilipumzika Taveta, mahali penye msitu, maji ya mto Lumi na chakula kingi. Joseph Thomson naye alipapita mwaka 1883. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa CMS walichapa hapo Taveta gazeti lao dogo, na reli ya Uganda ilipopita Voi mwishoni mwa miaka hiyo, mahali hapo palikwisha kuwa mlango wa njia ya bara.

Ni katika misafara hiyo ndipo tunapolipata tabaka la kwanza la msamiati wetu. Maneno kama msafara, kambi, kituo, boma, posho, mpagazi, mnyapara na kirangozi yalikuwa tayari katika vinywa vya watu kabla askari yeyote wa Kizungu hajapiga hema Voi. Vitenzi viwili, kutwika na kutua, viligawanya siku ya mpagazi: kulipokucha alitwikwa, na jua lilipokuwa kali alitua. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika pia neno tirikeza, yaani mwendo wa alasiri unaoanza baada ya watu kula na kunywa, wakalala usiku pasipo maji, ili kesho yake wawahi kuyafikia. Neno kama hili haliwezi kuzaliwa katika nchi yenye mito. Limezaliwa katika nyika, na sehemu iliyoko baina ya vilima vya Bura na mto Lumi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolidai sana.

Basi vita vilipokuja, wakubwa wa majeshi walikuta utaratibu mzima wa kusafirisha watu na mizigo kwa miguu, na utaratibu huo ulikuwa na lugha yake. Walichofanya ni kuuongezea amri, bunduki na adhabu.

3. Mambo yalivyotokea

Kwa ufupi, mambo yalikuwa hivi. Baada ya kuiteka Taveta, Wajerumani walijiimarisha katika kilima cha Salaita, kilichoko mashariki ya Taveta, wakawa wanatuma doria ndogo ndogo kwenda kuvunja reli ya Uganda. Waingereza nao walianza mwaka 1915 kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, wakitumia mafundi kutoka Bara Hindi na vibarua wa Kiafrika. Reli ilifika Maktau mwaka huohuo. Tarehe 14 Julai 1915 Waingereza walijaribu kuiteka Mbuyuni, wakashindwa. Waliipata Januari 1916, na reli ikawafuata.

Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita. Askari wa Afrika Kusini waliokuwa wamewasili karibuni, na ambao wengi wao walidhani kwamba Mwafrika hawezi kusimama mbele yao vitani, walifukuzwa na askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani. Waingereza na wenzao walipoteza watu zaidi ya 170, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na wengi wa hao walikuwa wa Afrika Kusini. Jenerali Jan Smuts alifika Mombasa baada ya siku chache kushika uongozi. Mwezi Machi majeshi yake yaliuvuka mto Lumi karibu na ziwa Chala, Wajerumani wakaiacha Salaita na Taveta, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi vilipiganwa vita vikali vya vilima vya Latema na Reata. Katika vita hivyo kikosi cha 3 cha King's African Rifles kilimpoteza mkuu wake, Luteni Kanali B. R. Graham. Baada ya hapo vita vilihamia nchi ya Wajerumani, vikaendelea mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918.

4. Maisha ya kambini

Kwa muda wa miezi 18 na zaidi, askari wa njia hii alikaa kambini siku nyingi kuliko alizopigana. Kambi za Voi, Mwatate, Bura, Maktau na baadaye Mbuyuni zilizungushiwa boma la miiba, na ndani yake mahandaki. Humo waliishi pamoja Waingereza, Wahindi wa makabila mengi, Warhodesia, askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland, na maelfu ya wachukuzi.

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Waingereza waliyaleta kwa mabomba kutoka vilima vya Bura, na mengine kwa matangi ya reli. Kila mtu alipimiwa. Kwa upande wa Wajerumani hali ya doria ilikuwa mbaya zaidi, kwani watu wachache walivuka nyika kwa siku kadhaa wakiwa na maji waliyoweza kubeba tu, na Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza mateso ya kiu yaliyowapata watu wake. Neno doria kwa mtu wa mjini leo ni polisi wawili wanaozunguka mitaa. Kwa askari wa mwaka 1915 lilikuwa na maana ya kwenda mahali ambapo huenda maji yakamuua kwa kukosekana kabla risasi haijamfikia.

Jambo la pili lilikuwa posho. Katika msafara neno hili lilikuwa na maana ya riziki ya siku aliyopewa mpagazi, ikapimwa kwa kibaba, yaani unga wa takriban gramu 700. Jeshi lililichukua neno pamoja na kipimo chake, lakini likabadilisha kilichomo ndani. Mpagazi wa msafara aliweza kubadilisha sehemu ya posho yake kwa mtama, ndizi au samaki katika vijiji alivyopita. Mchukuzi wa kijeshi alipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, na hakuwa na wakati wala kuni za kuupika ukaiva. Watu waliozoea vyakula vingine katika nchi zao walipata maradhi ya kuhara, na kuhara damu kuliwaua wengi kuliko mizinga. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi za Kenya na Uganda posho ikaja kuwa jina la unga wa mahindi wenyewe, au ugali uliopikwa kwa unga huo. Mabadiliko haya ya maana hayakuanzwa na vita peke yake, kwa sababu mashamba ya walowezi na reli nayo yalilisha vibarua kwa unga uleule. Lakini ni vigumu kupata mahali pengine ambapo watu wengi kiasi hicho, wa lugha nyingi kiasi hicho, walifunzwa kwa pamoja kwamba riziki maana yake ni mahindi.

Jambo la tatu ni makao. Askari wa KAR waliishi katika laini, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza kwa sababu nyumba zao zilipangwa kwa mistari. Askari wa pande zote mbili walikuwa na wake na watoto, na katika jeshi la Wajerumani wanawake hao waliandamana na majeshi hata katika mwendo. Wao ndio waliopika, waliotunza majeruhi na waliozungumza Kiswahili na watoto waliozaliwa kambini. Tunapojiuliza Kiswahili kilikuwaje lugha ya nyumbani kwa watu wasiokuwa wa pwani, yatupasa kuwatazama wanawake wa laini kabla ya kuwatazama walimu wa shule.

5. Mwendo na mzigo

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa wingi. Kwa hiyo kila palipoishia reli, mzigo uliingia kichwani mwa mtu. Mzigo wa kawaida wa mchukuzi ulikuwa takriban kilo 25, mbali na blanketi na vyombo vyake mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi, na inatisha. Ikiwa mtu anakula gramu 700 kwa siku, na amebeba kilo 25 za unga, basi akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10 atakuwa amekula kilo 14, naye atawafikishia askari kilo 11 tu. Mwendo ukiwa wa siku 17 au 18, atakula mzigo wote, asimletee askari chochote. Ndiyo maana reli ya Voi ilikuwa na thamani kubwa kuliko kilima chochote kilichopiganiwa, na ndiyo maana, baada ya majeshi kuiacha reli hiyo nyuma mwaka 1916, mahitaji ya wachukuzi yaliongezeka kupita kiasi. Jeshi lililosonga mbele lilihitaji wachukuzi wa kuwalisha askari, kisha wachukuzi wa kuwalisha wachukuzi.

Kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, kilianzishwa mwaka 1914 chini ya Oscar Ferris Watkins, afisa wa serikali aliyekijua Kiswahili. Hapo mwanzo watu waliandikwa kwa hiari, angalau katika maneno ya serikali. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa uliokusanya vijana kutoka karibu kila wilaya ya Kenya. Kwa hesabu rasmi, vifo katika vikosi hivi vya kazi vilizidi 40,000. Wengi walikufa kwa maradhi ya tumbo, homa, vichomi na udhaifu wa mwili.

Kiswahili kilikuwa na majina kadhaa ya mtu abebaye mzigo. Hamali alikuwa wa bandarini na mjini. Mpagazi alikuwa wa msafara. Alipatana ujira, na aliweza kumkimbia tajiri mbaya akatafuta mwingine. Mchukuzi lilikuwa neno la jumla. Lakini watu wa bara hawakuridhika na lolote kati ya hayo kulitaja jambo lililowapata. Walitwaa jina la Kiingereza la kikosi wakalitamka Kariakoo. Kwa maoni yangu, kutohoa huku si dalili ya ukosefu wa neno. Ni dalili kwamba wasemaji waliona jambo jipya. Mpagazi alikwenda safari, huyu alichukuliwa. Lugha ilikataa kumwita mtu aliyekamatwa usiku kwa jina la mtu aliyepatana ujira.

6. Majeshi mawili, lugha moja

Vita hivi havikuwa vya wenyewe kwa wenyewe kwa maana ya kisheria. Vilikuwa vita vya dola mbili za Ulaya. Hata hivyo, ukivitazama kwa macho ya askari aliyelala nyuma ya boma la miiba huko Maktau, sura yake inabadilika. Adui aliyekuwa upande wa pili alitukana kwa lugha anayoielewa, aliomba maji kwa lugha anayoielewa, na mara nyingine alikuwa amewahi kuvaa sare ileile aliyoivaa yeye.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandika askari wa Kisudani huko Cairo ili kuwapiga watu wa Mrima waliomfuata Abushiri. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki wa Emin Pasha na kuwapeleka Uganda, na hao wakawa msingi mmoja wa KAR iliyoundwa mwaka 1902. Majeshi yote mawili, basi, yalinyonya titi moja, nalo ni jeshi la Misri lililotawala Sudani. Ndiyo sababu vyeo vyao vilifanana. Katika jeshi la Wajerumani koplo aliitwa ombasha, sajini aliitwa shaushi, na aliyemzidi aliitwa betshaushi. Juu yao alikuwako sol, na mkubwa wa Kiafrika aliitwa efendi. Maneno haya asili yake ni Kituruki, yakapitia Kiarabu cha Sudani. Ombasha maana yake halisi ni mkuu wa watu kumi. Katika KAR vyeo vya namna hiyo vilitumika miongoni mwa Wasudani, kabla sajini na koplo havijaenea. Wazao wa askari hao wa Kisudani wangali wanasema Kinubi, na mtaa wao wa Nairobi, Kibera, una jina la lugha hiyo lenye maana ya msitu.

Zaidi ya hayo, watu wenyewe walihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Serikali ya Uingereza ilipokivunja kikosi cha 2 cha KAR mwaka 1911, wengi wa askari wake walikosa kazi, wakaandikwa na Wajerumani. Vita vilipokuja walijikuta wakipigana na mabwana wao wa zamani. Kinyume chake, mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha 6 cha KAR, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wametekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Watu hawa hawakuhitaji mkalimani, wala hawakuhitaji kujifunza upya maana ya boma, bunduki, risasi, mzinga, gwaride na kuruta.

Katika silaha nako tunaona jinsi wasemaji walivyofanya kazi. Mzinga lilikuwa neno la gogo la kufugia nyuki kabla halijawa silaha. Singe, kisu cha mwisho wa bunduki, lilitoka Bara Hindi. Bunduki ya rashasha, iliyowatia watu hofu kuliko silaha nyingine zote, haikupewa jina la kigeni wala la fundi wake. Iliitwa bombomu, kwa mlio wake. Mtu huita kitu kwa mlio wake anapokisikia kabla ya kukiona, na hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya askari aliyekuwa akikipanda kilima cha Latema usiku.

Wataalamu wameieleza lugha ya KAR, iliyoitwa Kikeya, kwa sifa kadhaa: upatanisho wa ngeli uliopunguzwa, hapana iliyotumika kukanusha kitenzi, na iko iliyoshika nafasi ya maneno mengi. Sifa hizo zilikuwapo, na hapana haja ya kuzipamba. Lakini zipimwe kwa kazi iliyotakiwa. KAR ilikuwa na batalioni 3 mwaka 1914. Vita vilipokwisha zilikuwa 22. Mkamba, Mnandi, Mluo, Mnubi na Myao waliwekwa katika safu moja, wakafundishwa na afisa ambaye pengine Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu. Upungufu mwingi wa lugha hiyo ulitoka juu, kwa wakubwa, ukateremka kwa wadogo. Kwa upande wa Wajerumani, ambako Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya shule, ya ofisi na ya magazeti kama Kiongozi, wengi walioingia jeshini walikuwa wameisikia lugha hiyo kabla ya kuvaa sare. Kwa hiyo si kambi kwa nafsi yake iliyokipunguza Kiswahili. Kilipunguzwa na aina ya utawala uliokuwa nyuma ya kambi.

7. Kasigau: kuonyesha njia

Lugha ya pamoja haikuwa neema kwa kila mtu. Watu wa Kasigau, kusini mashariki ya Voi, waliishi katika kilima kilichotazama nchi za pande zote mbili. Mwezi Agosti 1915 Wajerumani walikivamia kituo cha Waingereza kilichokuwa hapo. Waingereza waliwashtaki wenyeji kwamba ndio waliomwongoza adui, na kama adhabu wakawahamisha watu wote wa kilima hicho na kuwapeleka Malindi. Huko, katika hali ya joto na homa wasiyoizoea, wengi walifariki. Hawakurejea katika kilima chao ila katika miaka ya 1930.

Katika msafara, kirangozi alikuwa mtu wa heshima. Alitangulia mbele, alijua visima, na wote walimfuata. Kuonyesha mgeni njia na maji lilikuwa jambo la ada, na nchi ya Taita ilijulikana kwa jambo hilo tangu siku za Rebmann. Vita viliigeuza ada hiyo kuwa kosa. Tendo lilelile lililoitwa uongozi mwaka 1880 liliitwa usaliti mwaka 1915, na waliohukumiwa hawakufikishwa mbele ya hakimu ambaye wangeweza kumweleza tofauti. Mwanaleksikografia aandikapo maana ya neno, yampasa kukumbuka kwamba zipo nyakati ambapo maana huamuliwa na mwenye bunduki.

8. Majina ya mahali na kumbukumbu

Msafiri apitaye leo kutoka Voi kwenda Taveta ataambiwa kwamba jina la Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, kwa sababu ya watu waliouawa hapo. Maelezo haya yanapendeza, lakini hayawezi kuwa ya kweli. Jina hilo lilikuwamo katika amri za kijeshi zilizotolewa kabla ya mapigano ya tarehe 12 Februari 1916, na jambo haliwezi kuzaa jina lililolitangulia. Tusiyatupe maelezo hayo, hata hivyo. Etimolojia ya mitaani haituambii jina limetoka wapi. Inatuambia watu wameamua kukumbuka nini. Wenyeji wamelitwaa jina lisilokuwa na habari ya damu, wakatia damu ndani yake, kwa kuwa hapakuwa na jiwe lililoandikwa kwa ajili yao.

Mawe yapo, lakini ni ya wengine. Katika makaburi ya Voi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi wake. Alipewa nishani ya Victoria Cross, naye aliistahili. Makaburi ya Taveta yana majina ya vijana wa Afrika Kusini. Wahindi wanakumbukwa Maktau. Mchukuzi aliyekufa kwa kuhara kando ya reli hiyohiyo, kwa kawaida, hana kaburi linalojulikana wala jina lililochongwa. Nairobi ina sanamu ya watu watatu iliyosimamishwa mwaka 1928, mmoja wao akiwa mchukuzi, lakini ni sanamu isiyo na majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Kizungu, au hawakukumbukwa kabisa.

Ukumbusho wao mkubwa, basi, ni neno. Kariakoo ni mtaa wa Dar es Salaam uliochukua jina la kambi ya wachukuzi wa Waingereza baada ya mji huo kutekwa mwaka 1916, na jina hilohilo liko Nairobi katika sura ya Kariokor. Maelfu ya watu hununua nyanya na vitenge katika sehemu hizo kila siku bila kujua kwamba wanataja kikosi cha waliokufa. Beni nazo, zile ngoma zilizoiga gwaride kwa vyeo na sare, zilienezwa na askari na wachukuzi mpaka vijiji vya mbali, na wimbo wake ulikuwa wa Kiswahili. Hata kipande, cheti ambacho Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kukivaa shingoni baada ya vita, kilirithi utaratibu wa kumhesabu mtu na kumfuatia ambao serikali ilikuwa imeujaribu kwa wachukuzi.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha njia ya Voi hadi Taveta kilikuwa na matabaka matatu: la msafara wa pwani, la jeshi la Sudani, na la wakoloni wa Kiingereza na Kijerumani pamoja na Wahindi waliokuja nao. Matabaka hayo hayakulazwa juu ya wasemaji kama mzigo. Wasemaji walichagua. Waliliacha posho libadilike maana kwa sababu chakula chao kilibadilika. Walikataa kumwita aliyekamatwa mpagazi. Waliiita bunduki ya rashasha kwa mlio uliowatisha.

Wasanifishaji waliokutana Mombasa mwaka 1928 na kuiteua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu walikuwa na sababu zao, na lugha imefaidika kwa kazi yao. Matokeo yake mengine ni kwamba maneno ya kambini yaliyokubaliwa yaliingia katika kamusi bila historia yake, na yaliyokataliwa yakaachwa yafe pamoja na wazee. Hao wazee hatunao tena. Lakini wajukuu wao wako Mwatate, Bura, Kasigau na Taveta, na katika Kidawida, Kisaghala na Kitaveta yamo maneno ya miaka ile ambayo bado hayajakusanywa wala kulinganishwa na Kiswahili. Idara zetu za lugha zina wanafunzi wanaotoka katika vijiji hivyo. Inafaa kazi hiyo wapewe wao, nayo ianze kabla vizazi vilivyosimuliwa na waliorudi havijapita.